KUKATWA SI KULIPIWA

Ndugu wafanya kazi wa Isebania na wa Migori yote,

Leo siandiki juu ya nyongeza ya mshahara. Naandika juu ya fedha ambazo tumekwisha kuzitolea jasho, zikakatwa mbele ya macho yetu, nasi hatukuuliza zimekwenda wapi. Nazo ni fedha za matibabu.

Nitaanza na jambo lililotupata ghalani kwetu, na sehemu moja ya kosa ni yangu mimi niliye mjumbe wa wafanya kazi pale. Ndugu yetu mmoja, mpakuzi wa mizigo, alimpeleka mkewe hospitali usiku, naye amekwisha shikwa na uchungu. Hakuwa na wasiwasi wa fedha. Kila mwezi karatasi yake ya mshahara ilionyesha makato ya bima ya afya, naye alikuwa na karatasi tano mfukoni. Karani wa hospitali akatazama katika mashine yake, akamwambia, "Mzee, hapa hujalipiwa. Tangu miezi mitano hapana kitu." Ndugu yetu akazitoa karatasi zake. Karani akazitazama kwa huruma, akasema, "Hizi zaonyesha kwamba umekatwa. Hazionyeshi kwamba umelipiwa."

Mama alifanyiwa operesheni, na kwa neema ya Mungu yeye na mtoto walikuwa wazima. Lakini daktari alipokwisha kusema waende nyumbani, hawakuachwa waende. Walikaa siku tisa zaidi kwa sababu ya deni, na kila siku deni likazidi. Sisi tulichanga, yeye akauza ng'ombe, wakatoka. Siku ya kumi nilipokwenda kumwona nyumbani aliniuliza, "Ndugu mjumbe, hukujua?" Nilimjibu kweli: sikujua. Makato niliyaona kila mwezi, nikadhani yakikatwa yamefika. Tena sikujua kwamba hospitali haina ruhusa ya kumzuia mtu kwa deni. Mjumbe asiyejua mambo haya mawili ni kama mlinzi anayelala mlangoni. Ndiyo sababu naandika, ili mjumbe wa pili asiulizwe swali hili akakosa jibu.

Kwanza tutazame fedha zenyewe. Mfuko wa zamani, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1966, nao ulianza na watu wenye mshahara wa shilingi 1,000 na zaidi kwa mwezi. Wakati ule mpakuzi wa mizigo hakuwa na mshahara huo hata katika ndoto. Polepole mfuko ukapanuliwa, mpaka kila mfanya kazi wa mshahara akawa anakatwa. Tangu mwaka wa 2015 makato yalikuwa kuanzia shilingi 150 hadi shilingi 1,700. Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka wa 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 kazi ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile tuiitayo SHA.

Kwa sheria hii mpya mfanya kazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, yaani shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100, wala makato hayashuki chini ya shilingi 300. Tufanye hesabu. Mwenye shilingi 12,000 alikuwa akikatwa 500 na NHIF. Sasa hukatwa 330. Mwenye 20,000 alikuwa akikatwa 750. Sasa hukatwa 550. Mwenye 100,000 alikuwa akikatwa 1,700. Sasa hukatwa 2,750. Basi tuseme haki: mtu wa mshahara mdogo amepunguziwa, na mkubwa ameongezewa. Hili si baya, nami sitaungana na wale wapigao kelele kwa niaba ya mishahara mikubwa huku wakijifanya wanalia kwa ajili yetu.

Lakini yako mawili ambayo ni ya kulalamikia. La kwanza, fedha zote hizo hutoka mfukoni mwa mfanya kazi. Katika akiba ya uzee, NSSF, tajiri hutoa sehemu yake sawa na ya mfanya kazi. Katika bima ya afya tajiri hatoi hata senti. Kazi yake ni kukata na kupeleka tu. Hata hiyo kazi ya kupeleka wengine wanashindwa kuifanya! La pili, ndugu zetu wasio na mshahara wa mwezi, waendesha bodaboda, wachuuzi wa soko, vijana wanaobeba mizigo ya siku moja moja, wao hupimwa uwezo wa nyumba zao, kisha hutakiwa kulipa fedha za mwaka mzima kwa mara moja. Kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 3,600. Mtu apataye fedha leo na kuzila leo atazitoa wapi 3,600 kwa siku moja?

Hayo ni mambo ya kupeleka kwa Serikali na kwa meza ya mapatano, nayo yatachukua wakati. Lakini jambo la kukatwa bila kulipiwa halingoji Bunge. Sheria iko tayari. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 chasema mfanya kazi apewe karatasi inayoonyesha mshahara wake na kila kilichokatwa. Fedha za bima ya afya zapasa kufika kwa SHA kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tajiri akizikata na kuzitumia kwa petroli ya malori yake, hakukopa kwa benki. Amekopa kwa mgonjwa, bila ruhusa na bila riba. Fedha zile si zake tangu saa ile alipozikata.

Wako watakaosema, "Tajiri wetu ni mtu mwema, biashara ni mbaya, malori yamesimama mpakani, tumwonee huruma." Mimi nasema huruma ina mahali pake. Kama biashara ni mbaya, aite chama, tuketi, tuzungumze juu ya saa za kazi na mambo mengine. Lakini asimpeleke mke wa mtu hospitali na kadi tupu. Mama mwenye uchungu hawezi kungoja malori yavuke.

Sasa tuje kwenye mlango wa hospitali. Wengi wetu tukiingia pale tunakuwa kama watoto shuleni: twasimama, twanyamaza, twaogopa kuuliza. Dukani mtu huuliza bei ya sukari, hupima kilo, hudai chenji yake. Hospitalini, mahali ambapo atatumia mshahara wa miezi mitatu, hauliziki bei wala haulizi dawa. Twadhani matibabu ni sadaka. Si sadaka. Tumeyalipia kwa makato na kwa kodi. Katiba ya mwaka wa 2010 imeyasema wazi. Kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya afya iliyo bora kadiri iwezekanavyo, na kwamba hapana mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 46 chasema anayenunua bidhaa au huduma ana haki ya kupata kitu chema, kuelezwa habari zake, kulindwa afya yake na mali yake, na kulipwa akidhuriwa. Mgonjwa naye ni mnunuzi wa huduma.

Nitayataja mambo manne ambayo kila mwanachama ayaweke moyoni na kumfundisha mkewe au mumewe.

La kwanza ni dharura. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, kifungu cha 7, yasema mtu aliye katika hatari atibiwe kwanza, atulizwe hali yake, na kama hospitali haina uwezo ipange namna ya kumpeleka panapo uwezo. Hospitali yenye uwezo ikikataa, yaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 3. Neno "leta kwanza fedha" halina nafasi mbele ya mtu anayevuja damu. Twakumbuka mwaka wa 2015 mtu aliyegongwa na gari alizungushwa Nairobi hospitali hii na hii, akakaa katika gari la wagonjwa saa 18, na mwisho akafa. Nchi nzima ilisikitika. Lakini masikitiko hayamfufui mtu. Yafaa sisi tujue sheria kabla ya ajali.

La pili ni kuelezwa. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 8, yasema mgonjwa aambiwe ugonjwa wake, njia za matibabu, faida, hatari na gharama, kwa lugha anayoielewa. Ndugu, sisi hapa ni Wakuria, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wasomali na wengineo. Mama mzee aliyezoea Kikuria akielezwa kwa Kiingereza hajaelezwa. Uliza: "Hii ni gharama gani? SHA inalipa ngapi? Mimi nalipa ngapi?" Katika orodha ya bei iliyotangazwa mwaka wa 2024, SHA iliwekewa kulipa shilingi 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa kuzaa kwa operesheni, na kwa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya daraja la nne, shilingi 3,360 kwa siku. Mwenye kujua hesabu hizi hawezi kuandikiwa karatasi ya deni gizani. Na kila unapotoa shilingi, dai risiti. Shilingi isiyo na risiti haina shahidi.

La tatu ni kuzuiliwa. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, ilisikiliza kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipa. Mahakama ilisema kumzuia mgonjwa kwa deni ni kuvunja haki yake ya uhuru na heshima yake, ikaamuru walipwe fidia. Sisemi deni limefutika. Deni ni deni, na hospitali ina njia za kulidai: mapatano ya kulipa kidogo kidogo, au mahakama. Lakini hospitali si jela, wala mtoto mchanga si rehani. Lau ningalijua hivi, ndugu yetu hangaliuza ng'ombe kwa bei ya haraka.

La nne ni malalamiko. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya champa mgonjwa haki ya kulalamika, na hospitali zote, za Serikali na za watu binafsi, zapasa kuonyesha mahali pa wazi namna ya kulalamika. Mlalamishi ana haki ya kujibiwa kwa maandishi katika muda wa miezi mitatu. Malalamiko juu ya daktari au hospitali yenyewe hupelekwa pia kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Lakini andika. Maneno ya kusema barazani hupotea kama moshi. Barua yenye tarehe hubaki.

Nikisema haya, sitaki mtu aende hospitali kesho na kumtukana nesi. Nesi, karani, mfagizi na daktari ni wafanya kazi kama sisi, nao wana vyama vyao. Mwaka wa 2024 madaktari wa Serikali waligoma siku 56 kwa sababu ya mapatano yasiyotimizwa. Mwaka wa 2025 hospitali za watu binafsi zililalamika kwamba hazijalipwa madeni yao ya bima. Mara nyingi nesi anayekuambia "hakuna dawa" ndiye aliyeomba dawa hizo akanyimwa. Ugomvi wetu ni na fedha zinazopotea njiani, katika ofisi za matajiri na katika ofisi kubwa.

Tena yafaa tusisahau dispensari na vituo vya afya vilivyo karibu nasi. Mwaka wa 1965 Serikali ya uhuru iliondoa malipo ya matibabu ya kawaida katika zahanati zake. Mwaka wa 1989 malipo yalirudishwa kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka wa 2004 yakapunguzwa kuwa shilingi 10 dispensari na 20 kituo cha afya. Mwaka wa 2013 yakaondolewa tena, pamoja na malipo ya kuzaa katika hospitali za Serikali. Sasa matibabu ya kawaida ya mahali hapo yamewekewa mfuko wake, na aliyejiandikisha haulizwi michango. Tazameni historia hii: jambo hili linakuja na kwenda kama maji ya Mto Migori. Haki isiyolindwa na watu huondoka usiku. Basi anayekimbilia Sirari kununua vidonge bila kupimwa, kwa kuwa aliambiwa ni rahisi, afikiri mara mbili. SHA hulipa hospitali zilizofanya nayo mkataba. Hailipi duka la dawa la ng'ambo.

Neno juu ya vibarua. Tajiri mwingine huwaweka watu kwa siku moja moja mwaka mzima, asikate kitu, asilipie kitu, kisha hujisifu kwamba anawapa "fedha zote mkononi." Kifungu cha 37 cha Sheria ya Kazi chasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja, au kazi ambayo haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mtu wa mwezi. Basi ndugu anayepakua tumbaku, saruji au mahindi ghala lile lile tangu Januari si kibarua tena, hata kama tajiri anamwita hivyo. Aandikishwe.

Na neno juu ya ajali za kazini. Gunia likikuvunja mguu ghalani, matibabu hayo si ya kulipwa kwa makato yako wala kwa mchango wa rafiki. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 yamtaka tajiri akupeleke hospitali, alipe daktari, dawa na safari, na aiandikie ofisi ya Serikali habari za ajali katika siku saba baada ya kuarifiwa. Madai ya fidia yaletwe kabla ya miezi 12 kupita. Wengi wetu hapa tumeyapoteza madai yetu kwa sababu ya kungoja "bosi atanifikiria." Bosi hafikiri, sheria ndiyo hufikiri, ikiwa imeandikiwa barua.

Sasa tufanye nini? Napendekeza mambo matatu kwa tawi letu.

Moja: kila mwanachama ajiandikishe na kuwaandikisha mke, mume na watoto. Simu ya mkono yatosha: piga *147#. Mtoto asiyeandikwa hatajulikana siku ya homa.

Pili: kila kazi ichague watu wawili, na kila tarehe 10 ya mwezi wawili hao wamwombe karani wa mishahara awaonyeshe ushahidi kwamba fedha zimefika. Si kwa ugomvi, bali kwa desturi, kama vile mtu anavyotazama mafuta kabla ya safari. Na kila mwanachama aangalie mwenyewe katika simu yake kama amelipiwa. Akiona hapana, asingoje kuugua. Amwambie mjumbe siku ile ile. Mwezi mmoja ukipotea ni rahisi kuudai. Miezi mitano ni ng'ombe.

Tatu: katika mapatano yetu yajayo na matajiri tudai kifungu kimoja kipya, kwamba mfanya kazi aliyekatwa asilipiwe, gharama yote ya hospitali itakuwa juu ya tajiri. Kifungu hiki hakimgharimu tajiri mwaminifu hata senti moja. Atakayekikataa atakuwa ametuonyesha yeye ni mtu wa namna gani.

Yule mtoto sasa anatambaa. Babaye bado anapakua mizigo pamoja nasi, na ng'ombe hajarudi. Kila tarehe 10 yeye ndiye wa kwanza kufika dirishani kwa karani wa mishahara, nami nasimama nyuma yake. Nawaomba wengine nanyi msimame.

Umoja ni nguvu.

Mjumbe wenu,
Isebania